Tohara ya Mikono ya Watoto wa Chuoni

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni yakawa tohara kwa waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyeufundisha umma wake kila lenye manufaa hata adabu ya mtu kuingia chooni, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Jambo linaloelezwa katika waraka huu ni dogo machoni pa watu, lakini hukumu yake ni kubwa na madhara ya kulipuuza ni makubwa zaidi. Nalo ni mkono wa mtoto aliye chuoni: namna unavyooshwa, na namna upasavyo kuoshwa. Waambiwao ni kina baba, na waalimu, na wasimamizi wa vyuo, kwani mtoto haulizwi juu ya jambo hili. Waulizwao ni wao.

HALI ILIVYO

Ada iliyoenea katika vyuo vingi vya pwani ni hii. Watoto huketi jamvini tangu asubuhi. Aombaye ruhusa huenda msalani, akastanji kwa kopo moja lililowekwa pale kwa wote, kisha hurudi mbio akashika ufito wake na juzuu yake. Wakati wa kupumzika ukifika huletwa mahamri na mbaazi, na bakuli moja la maji huwekwa mlangoni. Mtoto wa kwanza huchovya vidole akavikung'uta, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, hata afike wa thelathini. Maji yaliyotiwa meupe huwa yamekwisha kugeuka kwa vumbi na wino. Kisha wote hujipangusa kwa kitambaa kimoja, wakalizunguka sinia moja wakala. Na mwalimu aonapo vidole vimelowa, huona kuwa sunna ya kunawa kabla ya chakula imetimia.

La ajabu ni kuwa miongoni mwa watoto hao wamo wakubwa wanaosoma Safinatu n-Najah ya Sheikh Salim bin Sumair. Asubuhi hiyo hiyo wamesikilizwa somo la maji machache na maji mengi, wakalijibu bila ya kukosa neno. Kisha wametoka kwenda bakulini wakaliacha somo lao mkekani.

Tena yatazamwe yafanywayo majumbani. Mgeni ajapo kualikwa chakula, hawekewi bakuli achovye. Kijana humjia na birika mkono mmoja na tasa mkono wa pili, akammiminia maji mikononi. Na yaliyokwisha kutumika yakaanguka tasani, wala mgeni wa pili hatii mkono wake humo. Hiyo ndiyo ada ya wazee, nayo ni ada njema. Basi na ajiulize kila mwenye akili: mgeni ni wa siku moja, na mtoto ni amana ya miaka, kwa nini mgeni amiminiwe, na mtoto achovye?

HUKUMU YA SHERIA

Mas'ala ya kwanza: maji machache. Katika madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.), maji yasiyofikia kulataini ni maji machache. Na kulataini, kwa kipimo cha fukahaa, ni chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo urefu wake na upana wake na kina chake. Wanazuoni wa zama hizi wameyakadiria kuwa ni kiasi cha lita 200 hivi. Maji machache yakiingiwa na najisi, hunajisika papo hapo, ijapokuwa hayakugeuka rangi yake wala tamu yake wala harufu yake. Bakuli la chuoni halifikii hata sehemu moja katika ishirini ya kipimo hicho. Basi akitia mkono ndani yake mtoto mmoja tu aliye na najisi ya yakini mkononi, maji yote yamenajisika, na kila atiaye mkono baada yake hutoka na najisi badala ya tohara. Mmoja huwaharibia ishirini na tisa.

Fukahaa wamepambanua mambo mawili: maji kuijia najisi, na najisi kuyajia maji. Maji machache yamiminwapo juu ya najisi huwa na nguvu ya kuiondoa, kwa kuwa ndiyo yaliyoijia. Ama najisi itiwapo ndani ya maji machache, nguvu hiyo hupotea. Katika tofauti hii ndimo mlimo jawabu la jambo zima. Kumimina ni tohara, na kuchovya ni hatari.

Mas'ala ya pili: mkono wenye shaka. Huenda msomaji mwenye insafu akasema kuwa mikono ya watoto haijulikani kwa yakini kuwa ina najisi, na kanuni ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Maneno haya ni kweli, wala haifai kuhukumu kuwa bakuli ni najisi kwa dhana tupu. Lakini sheria haikuishia hapo. Imepokewa na Abu Huraira (R.A.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu aamkaye usingizini kuutia mkono wake chomboni kabla ya kuuosha, na sababu aliyoitoa ni kuwa mtu huyo hajui mkono wake ulikuwa wapi usiku. Katika mapokezi ya Muslim imetajwa kuosha mara tatu. Na fukahaa wa Kishafi wamesema kuwa makatazo hayo hayakuhusika na usingizi peke yake: kila mwenye shaka na mkono wake, ni makuruhu kwake kuutia katika maji machache kabla ya kuuosha mara tatu. Basi ikiwa mtu mzima aliyelala kitandani pake hajui mkono wake ulilala wapi, mtoto wa miaka sita aliyecheza uani tangu alfajiri atajuaje mkono wake ulishika nini?

Mas'ala ya tatu: sabuni. Wako wadhanio kuwa sabuni ni pambo, na kuwa maji peke yake yatosha katika kila hali. Jawabu ni kuwa najisi yenye kuonekana yapasa iondolewe yenyewe pamoja na tamu yake na rangi yake na harufu yake. Na ikiwa haiondoki ila kwa kusugua, au kwa sabuni na mfano wake, basi hilo nalo huwa ni wajibu. Tena imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisha kustanji huusugua mkono wake ardhini kisha akauosha, na fukahaa wakalihesabu hilo kuwa ni sunna. Hapakuwa na sabuni mahali pale. Palikuwa na mchanga. Aliyepata sabuni leo akaiacha kwa kusema kuwa si ada ya wa kale, hakuwafuata wa kale, kwani wao walitumia kila walichokipata cha kuondoa uchafu.

Mas'ala ya nne: kucha na viungo vya vidole. Kukata kucha ni katika mambo ya fitra, na Anas (R.A.) amepokea kuwa muda uliowekwa usipite siku arubaini. Muda huo ni mpaka wa mwisho, si miadi ya kungojwa. Kucha zikirefuka hukatwa. Bibi Aisha (R.A.) naye amepokea kuwa kuosha viungo vya vidole ni katika fitra, yaani zile kunjo za mgongo wa vidole ambazo uchafu hujificha humo. Na uchafu ulio chini ya ukucha, ukizuia maji yasifike ngozini, fukahaa wengi wa madhehebu wasema udhu hausihi; Imamu Ghazali amefanya wepesi katika jambo hilo. Mwenye kutaka kutoka katika hitilafu ya ulamaa, mkasi wamtosha.

Mas'ala ya tano: msahafu. Mtoto mwenye kupambanua hazuiwi kushika msahafu wala ubao wake kwa ajili ya kusoma, ijapokuwa hana udhu, kwa sababu ya mashaka ya kumkalifisha udhu kila saa. Rukhsa hii imetajwa katika hadathi. Ama kuugusa msahafu kwa kiungo chenye najisi ni jambo jingine, nalo ni haramu. Na walii wa mtoto na mwalimu wake ndio wapasao kumzuia. Mwalimu amwachiliaye mtoto kutoka msalani hata jamvini bila ya kuosha mkono, na aangalie rukhsa aliyoitegemea ni ipi.

TOHARA NA USALAMA

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya, na ni lazima libainishwe. Kitu kuwa tohara si sawa na kitu kuwa salama. Makamasi ni tohara, na mate ni tohara, lakini humo mwaweza kuwa na maradhi ya kumpata mtu mwingine. Majani yenye sumu ni tohara, na kuyala ni haramu kwa ajili ya madhara yake. Hali kadhalika birika la msikiti lililozidi kulataini halinajisiki mpaka ligeuke. Lakini hukumu hiyo ni ya sala, wala haikukusudiwa kusema kuwa maji hayo hayawezi kubeba ugonjwa. Asemaye kuwa maji yakiwa tohara basi hayawezi kudhuru, ameipachika sheria neno isilolisema. Sheria yataka yote mawili: mja awe tohara mbele ya Mola wake, na asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe.

Matabibu wamethibitisha kuwa maradhi mengi ya watoto huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Kuhara, na kuhara damu, na homa ya matumbo, na kipindupindu, na michango, haya yote hutoka katika choo cha mgonjwa yakaingia kinywani mwa mzima, na mkono ni mojawapo ya njia zake kubwa. Mafua na maradhi ya kifua hukamatwa mkononi mwa aliyefuta pua, kisha yakafikishwa puani na machoni kwa mwingine. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, uwezao kumpofusha mtu, huenezwa na mikono na nzi, na na kile kitambaa kimoja cha kujipangusia wote.

Na mfano ulio wazi kuliko yote ni ule mnyoo mdogo mweupe, mfano wa uzi, uwasumbuao watoto usiku. Jike lake hutoka wakati mtoto amelala, likataga mayai penye njia ya haja kubwa. Mtoto huwashwa, akajikuna naye yu usingizini. Mayai yakaingia chini ya kucha zake. Baada ya saa chache mayai hayo huwa tayari kuambukiza, na yaweza kukaa katika nguo na matandiko muda wa juma mbili hata tatu. Asubuhi mtoto huamka, akala mkate kwa mkono ule ule, na mnyoo ukarejea ulikotoka; au akaenda chuoni akauchovya mkono bakulini, na wenziwe wakashiriki naye.

Sasa na irejewe ile hadithi ya mtu aamkaye usingizini. Imamu Nawawi amenakili kutoka kwa Imamu Shafi na wengineo kuwa watu wa Hijazi walikuwa wakistanji kwa mawe, na nchi yao ni ya joto. Mtu alalapo hutoka jasho, na hapana amani kuwa mkono wake hautafika mahali pa najisi. Haya waliyasema karne nyingi kabla ya kuundwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Matabibu nao walipouchunguza mnyoo ule, wakauona mkono wa mwenye kulala ukienda mahali pale pale. Haisemwi kuwa hadithi ilikuja kufundisha utabibu. Yasemwa kuwa mwenye kuifuata amesalimika, aijue hikima yake au asiijue.

YALIYOSHUHUDIWA

Kuna visa vitatu vinavyostahili kutajwa kwa ajili ya mwenye kutaka ushahidi wa mambo yaliyotendeka.

Cha kwanza ni cha Vienna, mji wa Austria. Katika mwaka 1847 alikuwako katika hospitali kubwa ya mji huo tabibu wa Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis. Katika wodi moja ya wazazi wanawake walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule walikufa kama 18 katika kila 100. Naye akatambua kuwa waganga na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti, wakaingia kuwahudumia wazazi kwa mikono ile ile. Akaamrisha kila mtu aoshe mikono kwa maji yaliyotiwa chokaa yenye klorini. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 katika 100. Lakini wakubwa wengi wa kazi ile walimpinga, na alikufa mwaka 1865 kabla rai yake haijakubaliwa na watu. Katika hiki mna zingatio: mkono wa mwenye elimu na heshima nao hubeba madhara kama mkono wa mwingine. Basi mwalimu naye yampasa kunawa mbele ya wanafunzi wake.

Cha pili ni cha Karachi, mji wa Waislamu ambao vyombo vya pwani vimekuwa vikisafiri kwenda na kurudi tangu zamani. Uchunguzi uliofanywa katika mitaa ya mafukara, ukatangazwa mwaka 2005, ulizilinganisha nyumba zilizopewa sabuni na mafundisho ya kunawa mikono na nyumba zisizopewa. Katika zile zilizopewa, kuhara kwa watoto walio chini ya miaka 15 kulipungua kwa 53 katika 100, na homa ya mapafu kwa walio chini ya miaka 5 ikapungua kwa 50 katika 100. Na sabuni ya kawaida haikuonekana kuzidiwa na sabuni iliyotiwa dawa. Wala isidhaniwe kuwa ni maji yaliyobadilishwa. Uliobadilika ni mkono.

Cha tatu ndicho kilicho karibu zaidi na mas'ala haya, nacho ni cha Misri. Katika mwaka 2008, kuanzia Februari hata Mei, shule 60 za watoto mjini Cairo zilichunguzwa. Nusu yake watoto waliamrishwa kunawa mikono mara mbili kila siku ya masomo, na nusu wakaachwa na ada yao. Katika shule za kunawa, siku za kukosa masomo kwa ajili ya mafua makali zilipungua kwa 40 katika 100, na kwa kuhara zikapungua kwa 30, na kwa ugonjwa wa macho mekundu zikapungua kwa 67. Mwalimu alalamikaye kuwa watoto wake hawahudhurii, na kuwa juzuu moja huchukua mwaka mzima, na aipime hesabu hii. Huenda sababu ya uzito wa mtoto si ujinga wake; huenda ni tumbo lake na macho yake.

SHUBUHA NA MAJIBU

Wako wasemao: Wazee walikula hivi hivi wala hawakufa. Jawabu: walikufa, na waliokufa wakiwa wadogo hawakubaki kusimulia. Kipindupindu kiliingia Unguja zaidi ya mara moja katika karne ya kumi na tisa. Kile cha mwaka 1869 na 1870 kiliandikiwa kitabu na tabibu James Christie aliyekuwako pale, kikapigwa chapa mwaka 1876. Kijidudu chake kilikuja kubainishwa na Robert Koch katika mwaka 1884. Wazee hawana lawama katika lile ambalo hawakulijua. Mwenye lawama ni aliyejua akanyamaza. Tena hao wazee ndio walioweka birika na tasa kwa mgeni, na ndio waliotundika kata penye birika la msikiti ili mtu ateke, asitumbukize mkono. Mwenye kuchovya ndiye aliyeiacha ada ya wazee.

Wako wasemao: Ajali ni ya Mungu, na Mtume (S.A.W.) amesema hapana maradhi ya kuambukiza. Jawabu: ulamaa wameeleza kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya Majahili kuwa maradhi huambukiza kwa nguvu yake yenyewe bila ya kudiriwa na Mwenyezi Mungu, sababu hazikukanushwa. Kwani ni Mtume huyo huyo aliyekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima, na akakataza watu kuingia katika nchi yenye tauni. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake, na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kuwa atoka katika kadari kwenda katika kadari nyingine. Kunawa ni kadari, kama kuumwa kulivyo kadari.

Wako wasemao: Maji ni haba, na israfu ni haramu. Jawabu: Anas (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha udhu mzima kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi cha kujaa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Mikono miwili ya mtoto yahitaji kidogo kuliko hiyo. Maji ya lile bakuli moja, yakitiwa katika chombo cha kumiminia kwa utaratibu, huwatosha watoto wengi. Israfu ni maji yaliyotumika yasiyotoharisha.

Wako wasemao: Sabuni ni ghali, na chuo hakina mali. Jawabu: mche mmoja ukikatwa vipande, kila kipande kikatiwa katika kimfuko cha wavu kikatundikwa, hudumu siku nyingi na watoto hawakipotezi. Na pasipo sabuni kabisa, majivu safi ya jikoni husaidia. Ama udongo wa uani usitumike, kwani mara nyingi una mayai ya minyoo. Na mali ya wakfu wa msikiti isitwaliwe kwa ununuzi huu ila ikiwa sharti la aliyeweka wakfu laruhusu. Kina baba na watoe chao mbali na ada ya mwalimu. Bei ya dawa ya kuhara na nauli ya kwenda hospitali huzidi bei ya sabuni mara nyingi.

NAMNA YA KUFANYA CHUONI

Kwanza, lile bakuli la kuchovya na liondolewe. Mahali pake pawekwe chombo cha kumiminia: ama mfereji, ama birika na mtoto mkubwa wa kumimina kwa zamu, ama dumu lililotobolewa likatundikwa kwa kamba, likainamishwa kwa kukanyaga kijiti, nalo ndilo waliitalo watu wa bara kibuyu chirizi. Uzuri wake ni kuwa mkono mchafu haukigusi chombo.

Pili, pawe na mahali pawili: pamoja karibu na msala, na pamoja penye kuliwa. Mtoto atokaye msalani anawe kabla hajafika jamvini, na kila mtoto anawe kabla ya kula, hata kama amekwisha kunawa.

Tatu, mtoto afundishwe kunawa kama afundishwavyo udhu, kwa kuonyeshwa na siyo kwa kuambiwa tu. Alowe mikono, aipake sabuni, asugue viganja, na migongo ya mikono, na baina ya vidole kwa kuvipishanisha, na vidole gumba, na ncha za kucha juu ya kiganja. Kisha amiminiwe maji mpaka utelezi uondoke. Muda wa kusugua ni kadiri ya mtu kusoma Suratu l-Ikhlas mara mbili kwa tartili. Nao ni kipimo cha muda tu, wala haisomwi kwa ulimi mahali pa msala. Na ifahamike kuwa kazi kubwa ya sabuni na kusugua ni kukiondoa kile kilichogandamana na ngozi ili maji yakichukue. Kwa hiyo asuguaye kwa haraka hakufanya kitu.

Nne, kitambaa cha shirika kiondolewe. Mtoto aikung'ute mikono yake mpaka ikauke. Imepokewa kuwa Bibi Maimuna (R.A.) alimpa Mtume (S.A.W.) kitambaa baada ya kuoga josho, asikitwae, akawa akiyakung'uta maji.

Tano, siku moja katika juma iwekwe ya kutazama kucha. Iliyo bora ni Alhamisi jioni au Ijumaa kabla ya sala, watoto waingie katika siku kuu yao wakiwa safi. Mtoto asipigwe wala asiaibishwe kwa kucha zake. Mkasi uletwe, zikatwe, iishe.

Sita, mtoto mwenye kuhara au mwenye macho yanayotoka usaha na akae nyumbani mpaka apone, na mwalimu asimhesabie utoro.

Saba, baba na afanye nyumbani yale yafanywayo chuoni. Mtoto aliyefundishwa kumimina asubuhi, kisha jioni akamwona babake achovya, atamfuata babake.

KHATIMA

Imethibiti katika hadithi kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba humshika mtoto mkono akampeleka chuoni siku ya kwanza, akamkabidhi mwalimu. Na mkono ule uliokabidhiwa ndio utakaoshika kalamu, ukafunua msahafu, ukainuliwa katika dua ya kuwaombea wazazi wakisha kuwa makaburini. Haifai mkono huo uachwe kuwa njia ya kumpeleka mtoto kaburini kabla ya babake, kwa ajili ya birika ambalo mtu hakulinunua na kipande cha sabuni ambacho hakukikata.

Na iwapo yote yaliyotangulia yatasahauliwa, neno moja na libaki: maji na yaujie mkono, mkono usiyajie maji. Alishikaye hili ameitimiza sheria na ameilinda afya kwa tendo moja.

Mwenyezi Mungu awawafikie Waislamu wote kutenda walijualo, awalinde watoto wao na kila maradhi, na awajaalie kuwa ni wabebaji wa Kitabu chake kwa mikono iliyo tohara na nyoyo zilizo tohara. Amin.

Wallahu aalam.